Kukwama na Kutoa Mji

Mtu ashindwapo na kitendawili hutoa mji. Desturi hii wasomaji wa jarida hili waijua tangu utoto wao, na kwa kuwa waijua mno huenda hawajapata kuistaajabia. Mtegaji asema, "Kitendawili!" Wenziwe waitika, "Tega!" Akisha kutega, kila mmoja hujaribu bahati yake mpaka majibu yakauke midomoni. Ndipo mtegaji anyooshapo mgongo na kudai haki yake: "Nipeni mji." Hupewa Tanga, akaukataa, hupewa Tabora, akaukataa, hupewa Mombasa, akaukubali. Kisha husafiri mpaka mji huo kwa maneno matupu, hulakiwa na wenyeji, hula akashiba, na wale walioshindwa huachiwa mifupa na makoko. Na akisha kukaa huko kadiri apendavyo, hulitoa jibu. Bei ya kutojua neno moja ni mji mzima pamoja na bandari yake.

Nilizaliwa Kanoni, katika Karagwe, mkoa wa Kagera, ambako miji haikuwa mingi vinywani mwa watoto. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa kati ya migomba, na jioni ilikuwa na taa moja ya mafuta na watu kumi wa kuizunguka. Vitendawili vilitegwa kwa Kinyambo. Vile vya Kiswahili tulivileta wenyewe kutoka shuleni, kama watu waletavyo sukari kutoka dukani. Tulipokwama tulitoa Kayanga, ikakataliwa kwa kuwa ni ya jirani, na mtu hapewi cha jirani yake. Tulitoa Bukoba, ikafikiriwa. Dar es Salaam bibi aliikataa kila mara, akisema kwamba haijui na hana mtu huko. Mji alioukubali upesi kuliko yote ulikuwa Kampala, na akisha kufika Kampala hakuwa na haraka ya kurudi. Alikula, akatembea, akaulizia watu kwa majina yao, nasi tukasinzia kabla ya jibu.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina udugu nayo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa mchezaji wa michezo ya kompyuta, wala si ile ya mbio na bunduki, ila aina moja ya kale ambayo vijana wa leo huiona nzito. Naiita michezo ya visa. Ndani yake mchezaji husafiri, huzungumza na watu, huokota vitu ambavyo havijui vitamfaa nini, na kila baada ya hatua chache hukuta mlango uliofungwa kwa fumbo. Hakuna saa ya kumharakisha wala adui wa kumpiga. Sehemu kubwa ya mchezo ni kukwama, na asiyekwama hakucheza, ametazama tu. Walakini kuna kukwama na kukwama. Tofauti yake nimetaka kuiandika kwa muda mrefu, kwa maana nadhani lugha yetu inayo maneno mazuri ya kuieleza, pengine mazuri kuliko yale ya lugha ambazo michezo hiyo ilitungwa kwazo.

Tazama vitenzi vyenyewe. Mtu hutega kitendawili, na mwenziwe hukitegua. Hufumba fumbo, na mwenziwe hulifumbua. Uzi hutatana, na mwenye subira huutatua. Wanasarufi huiita hii kauli ya kutendua, nayo ndiyo ile ile ya kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kukunja na kukunjua. Kinyambo nacho kina jambo hilo hilo: "kukinga" ni kufunga mlango, na "kukingura" ni kuufungua. Shina ni moja. Kilichoongezwa ni kiambishi kidogo mwishoni. Na katika kiambishi hicho mimi huona sheria nzima ya mafumbo. Afumbuaye hafanyi kazi mpya. Hurudi nyuma katika njia ile ile aliyopita mfumbaji, hatua kwa hatua, mpaka afike pale mwenziwe alipoanzia. Nyumba isiyo na mlango ni yai. Na akisha kuambiwa, hata aliyeshindwa huweza kulishika yai mkononi akaiona nyumba, akaona na ukuta, akaona pia kwamba mlango hapana. Hapo hujipiga kofi la paji la uso. Kofi hilo ndilo mizani yangu. Mtu akiambiwa jibu asijipige kofi, basi hakuteguliwa kitu. Amepewa habari tu.

Michezo hii ilianza pangoni. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Will Crowther, mtunzi wa programu aliyependa pia kutambaa mapangoni, alitunga mchezo wa kompyuta uliofuata njia za pango la Mammoth katika jimbo la Kentucky, na mwaka 1977 Don Woods akaupanua. Haukuwa na picha hata moja. Kompyuta iliandika maneno ya kueleza mahali mchezaji alipo, naye aliandika maneno mawili ya kusema atakalo, nayo ikamjibu. Kwa hiyo katika utoto wake aina hii ilikuwa jamaa wa fasihi, mazungumzo ya jioni baina ya mtu na mtegaji asiyeonekana. Picha zilikuja baadaye, na muziki baada ya picha.

Mimi niliingia mlangoni kwa kuchelewa. Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na mwenzangu wa chumbani, aliyesoma uhandisi wa mitambo, alikuwa amejiundia kompyuta kwa vipande alivyovinunua Kariakoo kimoja kimoja, kama ndege ajengaye kiota. Alikuja na sahani ya mchezo uitwao Myst, uliotungwa na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, ukatoka mwaka 1993, ukauzwa nakala zaidi ya milioni sita. Katika mchezo huo kuna gari dogo liendalo kwa reli chini ya ardhi, katika tata ya njia zinazofanana zote. Kila gari lisimamapo hutoa sauti, kisha humwachia msafiri achague upande. Tulizunguka humo kwa siku tisa. Tulichora ramani kwa penseli, tukazichana, tukachora nyingine. Hata siku ya kumi mwenzangu alikuwa akinyoa ndevu, amekipa kioo cha kompyuta mgongo, nami nikiendesha, ghafla akasema, "Sauti hiyo nimekwisha kuisikia." Na kweli tulikuwa tumeisikia. Katika ulimwengu mwingine wa mchezo ule ule kuna ngome izungukayo, na kila ielekeapo, kaskazini au mashariki au kusini au magharibi, hutoa sauti yake. Tulikuwa tumefundishwa lugha hiyo zamani tukadhani ni kelele za mtambo. Tulijipiga makofi, mmoja na povu la sabuni usoni. Siku tisa zile hatukuziona hasara.

Fumbo la pili ni la namna nyingine, nalo ndilo lililonifanya nianze kufikiri juu ya mambo haya kwa njia ya kisomi. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilitoa mchezo wa pili wa Monkey Island, mchezo wenye mzaha mwingi juu ya kijana atakaye kuwa haramia mashuhuri. Ron Gilbert ndiye aliyeongoza utungaji wake. Katika kisiwa kimoja yapo maporomoko ya maji, na nyuma yake njia iliyofichika. Juu yake pana pampu yenye mhimili ambao ukizungushwa maji hukatika. Mikono haitoshi. Mtu ataka spana. Basi tukatafuta spana. Mwenzangu yule alikuwa mwana wa fundi, na hakuna chombo cha karakana asichokijua. Aliipekua meli, akaupekua mji, akazungumza na kila seremala wa visiwa vitatu. Hapakuwa na spana. Jibu, msomaji, ni hili: katika kilabu cha kisiwa kingine yumo tumbili apigaye kinanda kwa kuufuata mwendo wa kipima-mahadhi. Ukiweka ndizi juu ya kipima-mahadhi, tumbili huifuata kwa macho, kulia na kushoto, mpaka apumbazike na kukakamaa mwili mzima. Hapo humtia mfukoni, ukamchukua kwenye pampu, ukamkamata kama chuma, ukazungushia mhimili. Kwa nini? Kwa sababu Kiingereza cha Marekani kina spana ya aina fulani ambayo huitwa kwa jina la tumbili.

Jibu hilo tulilipata kwa kulinunua. Tulikwenda kwenye duka la intaneti, tukalipia nusu saa, tukasoma. Hakuna aliyejipiga kofi. Mwenzangu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa kazi ya babake, "Lakini hiyo ni spana malaya." Adabu ya jarida hili itanisamehe: ndilo jina ambalo mafundi wetu wameipa spana irekebishwayo mdomo, kwa kuwa huishika nati yoyote ijayo. Neno letu "spana" limetoka kwa Waingereza, na Waingereza wengi walikwama pale pale tulipokwama sisi, kwa kuwa jina lile la tumbili si la kawaida kwao. Fumbo lilifumbwa kwa neno la nchi moja, na ufunguo ukabaki katika nchi hiyo.

Ili tusiwacheke Wamarekani peke yao, na tufanye mfano kwetu. Tuseme mtunzi wa Unguja atunge mchezo wa visa. Mchezaji ameingia jikoni. Yupo mpishi aliyekasirika, lipo nazi lililovunjwa, na wali hauwezi kuliwa bila tui. Mpishi asema, "Niletee mbuzi." Mtoto wa pwani atacheka, atakwenda uani, atachukua kibao chenye chuma cha meno mbele yake, akae akune. Mtoto wa Kanoni, ambako minazi haioti na mbuzi ni mnyama mwenye pembe na mkaidi, atafanya nini? Atamtafuta mnyama vijijini, atamnunua, atamfunga kamba na kumburuta mpaka jikoni, na mpishi atamwambia kwamba amekosea. Mtoto yule hakosi akili wala hakosi Kiswahili. Amekosa jiko moja tu alilokulia mtunzi. Mimi mwenyewe nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa nilipokiona kibao cha mbuzi kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimekwisha kupata alama nzuri katika somo la Kiswahili.

Mafumbo mabaya kuliko la tumbili yapo, wala sina nia ya kuyakalia. Katika King's Quest V ya mwaka 1990 msafiri huwa na pai. Akiila kwa kuwa ana njaa, hufika mbali sana, mpaka mlimani kwenye theluji, ndipo zimwi limtokeapo, na dawa ya zimwi ni kulipiga pai ya uso. Aliyekula amekwama milele, wala mchezo haumwambii. Katika Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 mtu ataka kukodi pikipiki kwa kujifanya rafiki yake. Basi hukusanya manyoya ya paka kwa utepe wa gundi, akayabandika juu ya mdomo kwa asali ya mti yakawa masharubu, ingawa rafiki huyo hana masharubu, kwa hiyo humchorea masharubu katika picha ya pasipoti pia. Mwaka 2000 mhakiki Erik Wolpaw aliandika kwamba michezo ya visa haikuuawa na mtu, ilijiua yenyewe kwa mafumbo ya namna hii. Alitia chumvi. Lakini chungu kilikuwa na chakula.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Gilbert mwenyewe alikuwa ameandika insha mwaka 1989 ya kuilaumu michezo ya visa ya wakati wake. Alisema kwamba fumbo lililo bora, mtu akisha kulifumbua, lamfanya aseme ilikuwaje hata asilione mapema. Hilo ni kofi la paji la uso lile lile, limeandikwa California. Alisema pia kwamba si haki kumtaka mchezaji awe ameokota mwanzoni kitu asichoweza kurudi kukichukua. Ajabu, miaka miwili baadaye akatuletea tumbili. Simlaumu sana. Mtegaji hana njia ya kujua ni neno lipi kati ya maneno yake ambalo ni la nyumbani tu. Yeye huyaona yote kuwa ni ya dunia.

Hapa mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya pili alinipinga darasani, na pingamizi lake lilikuwa na nguvu. Alisema: "Mwalimu, na vitendawili vyetu je? Nyumba isiyo na mlango yaweza kuwa kaburi. Yaweza kuwa tumbo la mama. Nani aliyeamua kwamba ni yai?" Ni kweli. Kitendawili cha jadi mara nyingi hakitambuliwi kwa kufikiri. Hutambuliwa kwa kuwa umekwisha kukisikia. Mgeni, awe na akili ya kupasua mawe, hushindwa na mtoto wa miaka saba aliyekulia hapo. Kwa mizani yangu ya kauli ya kutendua, vitendawili vingi vingepungua uzito. Nilikaa na pingamizi hilo muda, na jibu langu ni kwamba uhalali wa kitendawili haukuwa ndani ya kitendawili chenyewe. Ulikuwa katika ule mkeka. Mtegaji yupo, amekaa mbele yako, ana uso. Ukisema "kaburi" huweza kusema si hilo, na namna atakavyosema yakupa nusu ya njia. Huweza kuona kwamba umechoka. Na juu ya yote, upo mlango wa kutokea: kuna mji, kuna bei, kuna karamu, na baada ya karamu jibu halina budi kutolewa. Hakuna mtu aliyepata kuachwa amekwama mkekani. Tumbili wa Gilbert alikuwa kitendawili cha mkekani kilichotolewa mkekani kikatiwa katika sahani na kuuzwa kwa watu walio maelfu ya maili mbali, bila mtegaji na bila mji.

Wafanya biashara waliitambua kasoro hiyo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Infocom, iliyoundwa mwaka 1979 na watu wa chuo cha MIT, iliuza vitabu vilivyoitwa InvisiClues. Ndani yake maswali yalichapwa kwa wino wa kawaida na majibu kwa wino usioonekana, na mnunuzi alipewa kalamu maalumu ya kuyafichua. Majibu yalipangwa kwa ngazi: mstari wa kwanza ulikuwa mnong'ono, wa pili kidokezo, na wa mwisho ndio ulioeleza yote. Mtu alisugua mstari mmoja, akaliweka kalamu, akarudi mchezoni kujaribu tena. Mimi navipenda vitabu hivyo bila kuwahi kushika kimoja. Vilikuwa ni namna ya kurudisha uso wa mtegaji kwenye karatasi, na fedha aliyoitoa mnunuzi ilikuwa mji wake.

Na kwetu pia fumbo lilipata kuvuka kutoka mkekani kwenda karatasini. Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kutoka kila mwezi, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana. Msomaji wa Bukoba aliyeulizwa swali katika toleo la mwezi huu alikuwa na mwezi mzima wa kukaa nalo kabla ya kuona mwingine amejibuje, na kama jibu lake lilipaswa kusafiri kwa meli ya ziwa na kwa reli, basi alikuwa na miezi. Nadhani ushairi wetu ulinufaika na uchelewevu wa posta kuliko tunavyokiri.

Leo uchelewevu huo umekwisha, na miji imepoteza thamani. Katika muhula uliopita niliwasomea wanafunzi fumbo moja la ubeti mmoja, nikawaachia dakika kumi. Katika dakika ya pili kijana wa safu ya nyuma alikuwa na jibu, lenye aya tatu na vichwa vidogo vya habari, alilopewa na programu ya akili unde katika simu. Jibu lilikuwa sahihi. Nilimwuliza ni neno lipi katika ubeti lililomwonyesha njia, akaurudia ubeti kwa macho kama mtu atafutaye nyumba katika mtaa asiowahi kupita. Sikumkaripia, wala siamini kwamba simu ni mwizi. Mimi nami nililipia nusu saa ya intaneti kwa ajili ya tumbili. Lakini niliona kitu kilichonitia wasiwasi juu ya kazi yangu. Kijana yule hakukwama, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kufunguliwa. Nilipowaambia kwa mzaha kwamba wote wanidai au nawadai mji, walicheka, na msichana mmoja akanipa Morogoro. Nilimkubalia, lakini jibu lilikuwa limekwisha kutoka kabla sijapanda basi.

Sasa nitaeleza kitendawili kimoja ambacho hakimo katika simu yoyote. Nilipokuwa nikikusanya vitendawili kwa ajili ya shahada yangu ya uzamivu, nilikwenda Kanoni mwaka 2010 na daftari na kinasa sauti. Bibi alikuwa mzee sana, macho yake hayakuona tena, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alinitegea vingi nilivyovijua na vichache nisivyovijua. Usiku wa mwisho alinitegea kimoja kwa Kinyambo, ambacho kwa Kiswahili ni hivi: ng'ombe wangu amevuka mto; nimetafuta nyayo zake ng'ambo ya pili, sikuziona. Nilisema moshi, akakataa. Nilisema jua, akakataa. Nilisema usingizi, nikasema neno litokalo kinywani, nikasema mwaka uliopita. Yote aliyakataa kwa upole, na la mwisho alilikataa kwa kunyamaza. Kisha akadai mji. Mimi nilikuwa mtu mzima na msomi wa vitendawili, nilimwomba muda. Alicheka akasema, "Basi kaa nacho." Alifariki mwaka uliofuata kabla sijarudi.

Nimekaa nacho. Nimekitafuta katika mikusanyo iliyochapwa na isiyochapwa, nimewauliza wazee wa Karagwe na wa Kyerwa, tangu kabla ya mwaka 2012 wilaya hizo zilipokuwa bado moja. Mzee mmoja wa Murongo, kule mto Kagera utenganishapo nchi yetu na Uganda, aliniambia kwamba jibu ni mtumbwi. Ni jibu jema kwa mtu wa mtoni, lakini sioni kwa nini mtumbwi uwe ng'ombe. Mwingine alisema ujana. Mama mmoja alisema kivuli. Niliyaandika yote, na sikujipiga kofi.

Miaka mingi baadaye shangazi yangu alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko, akaniambia katikati ya habari nyingine kwamba mama yao alikuwa na mtoto wa kwanza kabla ya baba yangu. Kijana huyo alivuka Kagera kwenda Buganda kutafuta kazi ya mashamba, kabla ya Uhuru. Ilikuja barua moja kutoka Kampala, wakasomewa, na tangu hapo kimya. Shangazi hakusema kwamba habari hii yahusu kitendawili chochote. Hakujua hata kwamba nilitegewa. Aliendelea kumenya, akahamia kwenye bei ya kahawa.

Sisi wasomi hutenganisha kitendawili na fumbo. Jibu la kitendawili limo katika mikono ya watu wote. Jibu la fumbo limo katika mkono wa aliyelifumba. Kwa muda wote ule nilikuwa nikitafuta kwa watu wote. Baada ya maneno ya shangazi sijui kama chombo nilichokishika ni cha aina ya kwanza au ya pili. Wapo wanaoniuliza kama najuta kutotoa mji usiku ule. Hapana. Ningalitoa mji ningalimpa Kampala, na sina hakika kwamba angalirudi na jibu.

Desemba iliyopita nilikwenda Kanoni na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Alikuwa na mchezo wa visa katika simu, mzuri tu, wa nyumba yenye milango mingi. Kila alipokwama alifungua intaneti akasoma njia, na kwa jioni moja alikuwa ameimaliza nyumba yote. Kisha umeme ulikatika na simu ikaisha chaji, akaja akakaa karibu nami kwenye giza, akaniambia, "Baba, nitegee." Nikamtegea kile cha ng'ombe. Alifikiri kidogo akasema, "Mvuke." Nilinyamaza. Akasema, "Samaki," kisha akajikataa mwenyewe akicheka. Kisha alikaa kimya kitambo kirefu kuliko nilivyozoea kwake, akasema, "Wingu."

Wingu. Linavuka mto, lina mwili mkubwa kama ng'ombe, lina maziwa ndani yake ukitaka, na halina nyayo upande wowote. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia wingu. Lakini sikuweza kumwambia kwamba amepata, wala sikuweza kumwambia kwamba amekosa, kwa kuwa si mimi niliyetega. Aliuona ukimya wangu akaudhani ni kukataa.

"Basi nakupa mji," akasema. "Nakupa Dodoma."

Nikaukubali. Nikaenda Dodoma, nikalakiwa vizuri, nikapewa kiti na maji ya kunawa, nikaletewa zabibu. Alikuwa akingoja jibu, nami nikaendelea kula.